Risasi Kabla ya Mkutano: Kosa la Amri ya Kuua Mbwa Wazururao

Amri ya kuwapiga risasi mbwa wazururao, yaani mbwa wanaotembea bila kufungwa hata kama wana wenyewe, ambayo baadhi ya halmashauri nchini huitoa mara tu watu wanapoumwa na mbwa mwenye kichaa, ni kosa la kitaalamu na la kiutaratibu kwa pamoja, na eneo kama Turiani, ambako mashamba ya mpunga na miwa hupakana na malisho ya wafugaji, huliweka kosa hilo wazi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, rasimu ya sheria ndogo, yaani kanuni inayowafunga wakazi wa kijiji husika, hupaswa kupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ili maoni yasikilizwe kabla halmashauri ya kijiji haijaipitisha na kuiwasilisha wilayani. Amri ya risasi huiruka hatua hiyo: hutangazwa kwa kipaza sauti, wenye mbwa hupewa siku chache za kuwafunga, na mkutano, ukiitishwa, huarifiwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Tabia ya kuliita tangazo ushirikishwaji ni ya tangu Operesheni Vijiji, yaani kampeni ya kuwahamishia watu vijijini, baada ya Mwalimu Nyerere kutamka Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, na ni aibu kwamba bado inaendelea.

Kosa lenyewe limo katika swali lisiloulizwa: mbwa huyo ni wa nani, na ana kazi gani? Mkulima wa mpunga humwachia mbwa wake usiku ili afukuze nguruwe pori, na mfugaji hawezi kumfunga mbwa anayeandamana na ng'ombe malishoni. Kwa hiyo amri ya kufunga haitekelezeki, na bunduki zinapofika wenye mbwa huwaficha au huwahamishia kijiji cha pili, pengine pamoja na walioambukizwa. Tena risasi haimbagui aliyechanjwa, na anapouawa huyo, kinga ya jamii, yaani hali ya ugonjwa kukosa njia kwa kuwa wengi wamekingwa, hupungua papo hapo, huku nafasi yake ikichukuliwa na watoto wa mbwa wasio na chanjo. Katika wilaya moja ya kisiwa cha Flores, Indonesia, takriban asilimia 70 ya mbwa waliuawa mwaka 1998, lakini kufikia 2004 kichaa kilikuwa bado kisiwani.

Mtafiti Magai Kaare na wenzake, waliofanya kazi kandokando ya Serengeti, hawakushika bunduki. Utafiti wao wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa wakulima wafugaji kituo kimoja cha chanjo kijijini kilivuka asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachokata maambukizi, lakini kwa wafugaji waliotawanyika hakikufikia hata asilimia 20, hadi chanjo ilipopelekwa nyumba kwa nyumba. Pemba nako, chanjo ya kila mwaka ilikitokomeza kichaa kufikia Mei 2014, kikarudi mwishoni mwa 2016 ilipolegezwa, kikaondolewa tena Oktoba 2018.

Swali la kupelekwa mbele ya mikutano ya vijiji vya Turiani, basi, ni kituo kiwekwe wapi na siku gani: shuleni, ambako watoto wanaweza kuwaleta mbwa kwa kamba ya katani, au kwenye josho, siku ambayo mifugo huogeshwa na mbwa wa wafugaji wamefuatana nayo.