Jibu Lililotangulia Swali

Katika Tevatron, mashine ya Fermilab karibu na Chicago, mafungu ya protoni na antiprotoni yalikutana kila baada ya nanosekunde 396. Migongano mingi mno ilitokea, na iliyoweza kuhifadhiwa ilikuwa kiasi cha 100 tu kwa sekunde. Iliyobaki ilitupwa, na kilichotupwa hakirudi. Uamuzi wa nini kibaki ulikuwa wa saketi za triga, na miongoni mwake ipo moja niistahiyo kupita zote: SVT ya jaribio la CDF.

Kazi yake ilikuwa ngumu kwelikweli. Chembe yenye kwaki ya b huishi takriban sehemu moja na nusu ya trilioni ya sekunde, ikavunjika kabla ya kufika mbali. Vipande vyake huacha alama kwenye matabaka ya silikoni, na ukizifuata njia zake kinyumenyume utaona hazianzii hasa pale protoni na antiprotoni zilipogongana. Tofauti ni sehemu ya milimita. Kuiona kwa kompyuta, kwa wiki nzima, si ajabu. SVT iliiona kwa maikrosekunde 20 hivi, kwa usahihi wa mikroni 35, nusu ya unene wa unywele.

Iliwezaje? Alama ni nyingi, na ukianza kujaribu kila alama ya tabaka hili na kila alama ya lile, hesabu hufura na muda umekwisha. Mwaka 1989 Mauro Dell'Orso na Luciano Ristori, wa Pisa nchini Italia, walipendekeza usijaribu kabisa. Fikiria darasa ambalo kila mtoto ameshika kadi yenye namba chache. Mwalimu anazisoma namba mara moja tu, kwa sauti. Kila mtoto anaangalia kadi yake mwenyewe, na ambaye zake zimetimia anasimama. Hakuna aliyemsubiri mwenzake. Mwalimu anapofunga kinywa, waliosimama wameshaonekana.

Kadi hizo ni njia zote ambazo chembe ingeweza kupita, zimekokotolewa mapema na kuandikwa ndani ya chipu. Kigunduzi kiligawanywa vipande 12, kila kimoja na kadi zake 32,000 hivi. Utafutaji unamalizika alama ya mwisho inapoingia.

Kuna ufundi wa pili, nao ndio unaonigusa zaidi. Ndani ya ujia mwembamba wa kadi moja, uhusiano kati ya mahali pa alama na umbo la njia unaweza kuchukuliwa kama mstari ulionyooka. Kwa hiyo hesabu nzito ya kulinganisha njia ikabaki kuzidisha na kujumlisha, kwa namba zilizokwisha kutayarishwa. Mtu aliyeona hilo aliijua hesabu yake hadi mfupani, akajua pia mahali pa kuilegeza bila kuiharibu.

Mwaka 2006 CDF ikatangaza kuwa chembe ya B-sub-s, mojawapo ya hizo zenye kwaki ya b, hugeuka kuwa antichembe yake na kurudi, karibu mara trilioni 3 kwa sekunde. Mivunjiko iliyosaidia zaidi kuthibitisha hilo haina elektroni wala miuoni ya kuitambulisha. Mingi ingeenda na taka kama SVT isingeizuia mlangoni. Tevatron ilizimwa tarehe 30 Septemba 2011. Huko kwenye maabara ya CERN, mafundi wa jaribio la CMS sasa wanaandaa triga itakayofuatilia njia za chembe katika kila mpishano, mara milioni 40 kwa sekunde.