Kuhamisha na Kusawazisha: Neno la Kuanzia Mlinganyo

Katika Kiswahili cha shule, mlinganyo ni jina lililotungwa vema. Latokana na kulingana, nalo lamkumbusha mwanafunzi ya kwamba pande mbili ni sawa, wala hazina budi ila kubaki sawa hadi mwisho. Lakini kitenzi kisikikacho sana katika kuufumbua, yaani kuhamisha, hakipatani na jina hilo. Mtoto huambiwa ahamishe namba ng'ambo ya pili na kugeuza alama yake. Kwa nini igeuke, neno halisemi.

Na utazamwe mfano wa Ikolo, wilayani Kyela, nchi ya mpunga. Magunia 3 na madebe 4 ni sawa na gunia 1 na madebe 16. Gunia lina madebe mangapi? Yaani, 3x + 4 = x + 16. Lau madebe 4 yangehamishwa kweli, upande wa pili ungekuwa na madebe 20 juu ya gunia lake, na usawa ungevunjika. Mwenye mpunga huondoa gunia 1 huku na huku, kisha madebe 4 huku na huku. Hubaki magunia 2 kwa madebe 12. Basi gunia ni madebe 6. Tena kuhamisha hakubagui namba iliyojumlishwa na iliyozidishwa: penye 2x = 12, asiyejua sababu aweza kuondoa 2, akapata 10.

Asili ya elimu hii yaunga mkono hoja hiyo. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad yapata mwaka 820, aliigawa milinganyo katika aina 6, akaianza kwa matendo mawili: al-jabr, kurudisha kilichopunguzwa kwa kukiongeza pande zote mbili, na al-muqabala, kuondoa kilicho sawa pande zote mbili. Shina la neno hili la pili limo katika Kiswahili tangu zamani: kabili, mkabala.

Kila aina ya mlinganyo ina mwanzo wake. Penye herufi mbili na milinganyo miwili, kwanza huondolewa herufi moja. Penye x² = 5x, anayegawa kwa x hupata 5 na kupoteza 0, kwa kuwa hakuuliza kama x yaweza kuwa 0; afadhali aanze kwa x² − 5x = 0.

Haikanushiki kwamba kuhamisha ni neno fupi, lafaa kwa aliyekwisha kuelewa. Lakini mtoto wa Ikolo aliyelelewa kwa Kinyakyusa husoma hesabu kwa Kiswahili, lugha ya shule za msingi tangu 1967, kisha katika sekondari huikuta kwa Kiingereza. Kanuni iliyokaririwa pasipo sababu haivuki naye salama. Kusawazisha, au kutenda sawa pande zote mbili, ni maneno yabebayo sababu ndani yake. Hayo ndiyo yastahiliyo kutangulia vitabuni.