"Mfululizo" Si "Bila Kukatika"

Wanafunzi wa tafsiri tunapokutana na kielezi cha Kiingereza "continuously", wengi hukimbilia neno moja: mfululizo. Makala hii inadai kuwa mara nyingi chaguo hilo huficha maana badala ya kuifikisha.

H. W. Fowler, katika A Dictionary of Modern English Usage ya mwaka 1926, alitofautisha "continuous" na jirani yake "continual". Kwa maelezo yake, la kwanza halina mwanya wowote tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama kitendo ni kifupi. La pili laweza kuhusu jambo linalojirudia kila baada ya muda mfupi. Basi bomba lililoachwa wazi humwaga maji "continuously", lakini jirani anayebisha hodi kila nusu saa husumbua "continually". Waingereza wenyewe huyachanganya, ila tofauti ipo.

Sasa tutazame Kiswahili. Ukisema "mvua ilinyesha siku tatu mfululizo", msikilizaji ataelewa kuwa ilinyesha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Si lazima aelewe kuwa haikupumzika hata saa moja. Mambo ya mfululizo hufuatana kama watu kwenye foleni, na kati ya mmoja na mwenzake huweza kuwa na nafasi. "Daima" nalo halifai, kwa kuwa halina mwisho, ilhali mvua ile ilikoma siku ya nne.

Hii haina maana kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Kosa letu ni kutafuta kielezi kimoja cha kulipa kielezi kimoja, wakati Kiswahili hubebesha kitenzi kazi hiyo. Mvua hunyesha bila kukatika, jenereta hunguruma bila kuzimika, mtoto hulia bila kunyamaza. Kila kitendo kina namna yake ya kukoma, na mfasiri hana budi kuijua kabla ya kuikanusha.

Je, tofauti hii ina uzito nje ya darasa? Ibara ya 15 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu mtu aliyeishi nchini humo kihalali kwa kipindi "continuous" kisichopungua miaka saba, na aliyetimiza masharti ya sheria, kuomba uraia. Mfikirie Mganda au Mnyarwanda anayefanya kazi Nairobi na kurudi kwao kila Desemba kuwaona wazazi. Akiambiwa "miaka saba mfululizo", atahesabu miaka na kuridhika. Akiambiwa "miaka saba bila kukatika", atauliza papo hapo: safari ya Krismasi je, inakata?

Jibu la swali hilo litatoka kwa wanasheria, si kwa mfasiri. Lakini tafsiri inayomfanya mtu asiulize kabisa imemnyima haki yake ya kujua mapema, na huenda akaja kuligundua pengo hilo siku ya kupeleka maombi yake.