Entebbe: Matanga Yasiyoanuliwa

Mwaka jana, sebuleni kwa jirani hapa Newburg, Louisville, tuliitazama filamu ya José Padilha, 7 Days in Entebbe (2018). Makomando walipoanza kulivamia jengo la abiria, mzee mmoja aliyekulia Kampala aliuliza, bila kumwelekea yeyote: "Na hawa askari, mama zao waliambiwa nini?" Hakujibiwa. Filamu nayo haikuwa na jibu, na nimerejea tangu hapo kwenye kazi nyingine kuhusu Entebbe nikiwa na swali lake mkononi.

Kisa kinajulikana. Tarehe 27 Juni 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kuondoka Athens. Watekaji, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, waliipitisha Benghazi, ikatua Entebbe, ambako Idi Amin aliwapokea. Usiku wa kuamkia 4 Julai makomando wa Israeli waliwaokoa mateka zaidi ya 100. Mateka watatu walikufa kwa mapigano hayo, na kamanda Yonatan Netanyahu pia.

Kinachonikera ni haraka ya wasimulizi. Kitabu cha William Stevenson, 90 Minutes at Entebbe, kilitoka mwaka huohuo. Desemba televisheni ya Marekani ikaonyesha Victory at Entebbe. Januari 1977 ikafuata Raid on Entebbe, ambamo Sylvia Sidney anamwigiza Dora Bloch. Bibi huyo, aliyepindukia miaka 70, alikuwa amelazwa Hospitali ya Mulago usiku wa uvamizi, na wenzake wakaondoka bila yeye. Serikali ya Amin ilidai kwamba alikwisha kurudishwa uwanjani. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya, alipokimbia nchi alieleza katika State of Blood (1977) jinsi alivyoburutwa kutoka hospitalini na kuuawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya Amin kuangushwa, yakazikwa Jerusalem. Mwanawe, Ilan Hartuv, naye alikuwa miongoni mwa mateka. Kwa hiyo watazamaji walikwisha kumwona mama yake akiigizwa, hadithi ikafungwa na taa zikazimwa, miaka miwili kabla mwana hajapata kaburi la kusimama kando yake. Mswahili haanui matanga kabla ya maziko. Televisheni iliyaanua kwa miezi sita.

Hata hivyo, Bloch ana jina, ana mwigizaji, ana kaburi. Askari wa Uganda waliouawa usiku ule wanatajwa kuwa 20, au 45, kutegemea nani ahesabuye. Watu 25 wanaweza kuongezwa au kupunguzwa, na simulizi haitetereki. Halafu wapo Wakenya. Kwa kuwa ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi, hasira ya Amin iliwageukia Wakenya walioishi na kufanya kazi Uganda. Waliouawa wanakadiriwa kuwa mamia. Vifo vyao vinatokea baada ya ndege za waokoaji kuruka, yaani pale ambapo filamu hizi huona zimekwisha.

Padilha amelaumiwa kwa kuuchanganya uvamizi na ngoma ya kundi la Batsheva, wachezaji wakiwa vitini huku wakivua nguo zao. Mimi nadhani hapo ndipo anapokaribia jambo kubwa, kisha analikwepa. Katika ngoma ile mchezaji wa mwisho huanguka sakafuni, akainuka, akaanguka tena, hata mtazamaji akaona uchungu wa mwili wake. Askari wa Uganda huanguka mara moja, na kamera inapita.

Fasihi yetu haiwezi kujitoa lawamani. Henry Muhanika alitunga utenzi mzima wa Vita vya Kagera na anguko la Amin, kwa hiyo tukio la zama hizo si geni kwa bahari zetu. Nauona utenzi wa Entebbe ukianzia asubuhi ya 4 Julai, barabarani Kampala, bila komando hata mmoja.

Tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni, yule mzee aliniambia kwamba mtaani kwao alikuwako fundi cherehani Mkenya. Julai ile cherehani yake ilibaki barazani wiki nzima, na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano.