Kuku katika filme: neno kwa wanaosoma historia ya sinema

Wanafunzi wa universite wanaosoma historia ya sinema huanza karibu wote pahali pamoja: Paris, tarehe 28 desemba 1895, katika Grand Café, pale ndugu Auguste na Louis Lumière walipoonyesha filme kumi mbele ya watu waliolipa franga moja moja. Nyuma yao wanasoma juu ya Georges Méliès na safari yake ya mwezini ya mwaka wa 1902, juu ya Griffith wa Marekani, juu ya Warusi. Masomo haya ni mazuri, na padri kijana anayetumwa kuyafanya hapotezi wakati wake bure. Kanisa lenyewe halikukaa mbali na sinema. Papa Leo XIII alikubali kupigwa filme mwaka wa 1898. Papa Pius XI aliandika barua Vigilanti Cura mwaka wa 1936, na Papa Pius XII barua Miranda Prorsus mwaka wa 1957. Sinema ilipotimiza miaka mia, mwaka wa 1995, Vatikano ilitoa orodha ya filme 45 zinazostahili kuheshimiwa.

Lakini tuko na neno juu ya namna historia hii inavyofundishwa. Haipimi watu wote kwa kipimo kimoja. Tutoe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa gari la moshi. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba watu wa Paris, walipoona gari la moshi la Lumière likija juu ya kitambaa, walishikwa na woga wakakimbia. Leo wenye elimu wanakataa. Mjerumani Martin Loiperdinger alitafuta ushuhuda wa siku zile, akaonyesha kwamba hakuko ushuhuda wa kweli wa fujo ile. Basi universite imewarudishia Waparisi heshima yao: walishangaa, lakini hawakuwa wajinga.

Mfano wa pili ni wa kuku. Mwaka wa 1961 Mwingereza John Wilson alieleza habari ya filme ya usafi iliyoonyeshwa kwa watu wa kijiji kimoja cha Afrika. Filme ilifundisha kuondoa maji machafu karibu na nyumba. Walipoulizwa waliona nini, watu walijibu: tuliona kuku. Wenye filme hawakujua habari ya kuku. Wakaipitisha tena picha kwa picha, wakamkuta kweli, amepita upande mmoja kwa dakika ndogo sana. Mwaka wa 1962 Marshall McLuhan wa Kanada aliitia habari hii katika kitabu chake, kuwa alama kwamba mtu asiyejua kusoma hajui kutazama filme.

Ndugu wasomaji, tufikiri kidogo. Kuku alikuwamo ao hakuwamo? Alikuwamo. Nani basi aliyetazama vizuri, watu wa kijiji ao mwenye filme? Mwenye kufundisha hakuona kitu kilichokuwa katika kazi yake mwenyewe, na hukumu ikawaangukia wanafunzi! Habari ya gari la moshi ilichunguzwa hata ikaanguka. Ya kuku inasimuliwa tena na tena, na ni wachache wanaouliza swali hili.

Tena jambo hili halikukaa katika vitabu tu. William Sellers, aliyeonyesha filme za afya katika Nijeria na kuongoza kazi ya filme za makoloni ya Uingereza tangu mwaka wa 1939, alitaka filme za Waafrika ziende polepole, bila kuruka kutoka picha hii mpaka picha ile. Katika Kongo ya Wabeleji mawazo ya namna hii yaliingia pia, hata kati ya wamisionari.

Sasa sisi wa Kipushi tutazame ng'ambo ya mpaka. Katika Luanshya, mji wa shaba kama mji wetu, Hortense Powdermaker alikaa miaka ya 1953 na 1954 akiandika maisha ya wafanyakazi na sinema yao. Aliona nini? Watu wengi mno, makelele, vijana wanaofuata vita ya makoboyi hatua kwa hatua, wanaoonya shujaa wao mbele ya adui kutokea. Na filme zile za Marekani zilikwenda mbio! Hakuna aliyezitengeneza polepole kwa ajili yao. Basi ile sheria ya Sellers ilivunjwa kila juma na watazamaji wenyewe.

Hatusemi kwamba mapadri waliofanya sinema walifanya vibaya. Padri Alexandre Van den Heuvel wa Scheut, aliyeanzisha kazi ya sinema ya Kikatoliki katika Léopoldville mwaka wa 1946, alitoa hadisi za Mboloko kwa picha za kuchorwa. Mwenzake Padri Albert Van Haelst, katika Luluabourg, alifanya filme za Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, sawa Laurel na Hardy. Watu walicheka sana. Na anayecheka mahali panapofaa amekwisha kuelewa. Filme zao zilishuhudia kinyume cha fundisho la wakati wao.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Kwanza, kwa wanafunzi: msikubali historia ya sinema ambamo Waafrika wanaingia kwa mlango wa kuku tu. Someni Mboloko na Matamata pamoja na Méliès, na muwahukumu wote kwa haki, bila kuwasifu bure wala kuwadharau. Pili, kwa mapadri na walimu wa dini: kuko wazee waliotazama sinema katika kambi za Union Minière wangali watoto. Waulizeni waliona nini, walicheka wapi, walikataa nini. Andikeni maneno yao pamoja na mwaka na pahali. Sanduku la filme za zamani likipatikana katika misioni, lisitupwe.

Neno hili linagusa kazi yetu pia. Mhubiri anayeona watu hawafuati mafundisho yake husema upesi: hawa hawaelewi. Heri aulize kwanza kama hakuko kuku aliyepita katika maneno yake, ambaye watu wote walimwona, isipokuwa yeye.