Kalenda ya Mita: Kumfuata Trauti kutoka Embu hadi Rutundu

Kila Januari, baridi ikiwa imekaza kaskazini mashariki mwa Marekani, wavuvi wa mshipi hujazana Edison, New Jersey, kwenye maonyesho ya uvuvi wa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Mitoni hakuendeki, basi wanakwenda kupima fito mpya mkononi, kuwatazama mafundi wakifunga nzi, na kununua watakaowarusha majini majira ya machipuko. Binamu yangu anayeishi huko alikwenda, na jamaa aliyekuwa akirudi nyumbani akaniletea zawadi yake hapa Embu: kijisanduku cha nzi bandia 24 na kadi ngumu yenye miezi 12, kila mwezi na nzi wake. Kibandiko mgongoni mwa kijisanduku kilisema wamefungwa Kenya.

Hilo la kibandiko halikunishangaza. Kufunga nzi ni kazi ya mikono ya Wakenya kwa miaka mingi, na kampuni za Ulaya kama Fulling Mill huuza nzi waliofungwa hapa kwetu. Kilichonikalisha mezani usiku mzima ni ile kadi. Inasema Januari tumia nzi mdogo kama punje ya mtama, mfano wa usubi. Aprili na Mei tumia mwenye mabawa yaliyosimama, mfano wa wale wadudu wa mtoni wanaoibuka majini asubuhi na kufa kesho yake. Agosti tumia panzi na siafu. Swali ni je, kadi hiyo inasomwaje na mtu anayevua mto Rupingazi au Thuchi?

Ukiifuata ilivyo, utarudi nyumbani mkono mtupu. Kadi ile imejengwa juu ya kitu kimoja tu, nacho ni mwaka wenye kipupwe cha kweli na kiangazi cha kweli. Kule Loch Leven, Scotland, mchana wa Juni hufikia saa 17 na zaidi, na wa Desemba hauzidi saa 7 kwa mengi. Wadudu wa majini husubiri ishara ya joto na mwanga, halafu huibuka wote kwa pamoja, siku chache hizo hizo. Trauti, samaki wa maji baridi anayefuatwa na wavuvi hawa, naye hujifunza kula kitu kimoja na kukataa vingine. Eneo letu limelaliwa na ikweta. Mstari wenyewe unapita karibu kabisa na mji wa Meru. Mchana wa Juni na wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache. Wadudu wa mito ya namna hii huibuka kidogo kidogo mwaka mzima, hawa leo, wale kesho. Trauti anayeishi hapa hana anasa ya kuchagua. Anakula viluwiluwi vya wadudu, kaa wadogo wa mtoni, na panzi aliyepeperushwa na upepo.

Kwa hiyo miezi ya kadi haina maana kwetu. Lakini nilipoiangalia tena niliona kwamba chini ya kila mwezi kuna jambo la pili ambalo halikuandikwa: nyuzi joto za maji. Januari ni maji yanayokaribia kuganda, Mei ni nyuzi 12 hivi, Agosti ni maji yaliyoanza kumchosha samaki. Na nyuzi hizo zote tunazo Mlima Kenya, siku moja, saa moja. Tofauti ni kwamba zimepangwa kwenda juu badala ya kwenda mbele. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Embu uko kwenye mita 1,350 hivi, na wastani wa joto lake ni nyuzi 19 au 20. Panda hadi mita 2,400, ndani ya msitu, hesabu inakupa 13. Fika ziwa Rutundu upande wa Meru, mita 3,100 hivi, umebaki na 9. Nilichofanya ni kuifuta miezi kwa kalamu na kuandika mita.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza pia ilikuwaje samaki wa Scotland akapata makao huku. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kahawia kutoka Loch Leven yakatumiwa kupandikiza mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, anayetambulika kwa mstari wa waridi ubavuni, alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na kutoka hapo mito na maziwa ya Mlima Kenya yakapandikizwa. Watu husimulia habari hii kama ya ushupavu. Mimi naiona kama ya matumizi ya baridi.

Yai la trauti kahawia linahitaji kukusanya joto la takriban nyuzi 410, ukijumlisha nyuzi za kila siku, ndipo litotoe. Kwenye maji ya nyuzi 10 hiyo ni siku 41. Kwenye nyuzi 5 ni zaidi ya 80. Ukilishusha karibu na sifuri, saa yake husimama kabisa au karibu. Ndivyo mayai yalivyovuka bahari hadi Tasmania mwaka 1864, safari ya karibu miezi mitatu, yakiwa yamelazwa katika kuvumwani yenye unyevu, ile mimea laini inayoota juu ya mawe ya mtoni, na kuzungukwa na barafu. Samaki mzima angekufa njiani. Yai lilisafiri kwa sababu baridi ilikuwa breki. Na lilipofika Afrika Mashariki, mahali pekee palipokuwa na baridi ya kulipokea ni mlimani.

Hapa kuna jambo ambalo wavuvi wenzangu hulieleza vibaya, na nilikuwa nikilieleza vibaya mimi mwenyewe. Tunasema trauti hupenda juu kwa sababu maji baridi yana oksijeni nyingi. Maji baridi kweli hubeba oksijeni zaidi, lakini mlima huipunguza kwa mkono wa pili, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Fanya hesabu. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba miligramu 9.1 kwa lita. Embu mjini, ambako mgandamizo wa hewa ni asilimia 85 hivi ya ule wa pwani, zinabaki 7.7. Maji ya nyuzi 8 yangebeba 11.8 pwani, lakini kwenye mita 3,100 mgandamizo ni kama asilimia 69, nayo yanashuka hadi 8.1. Tofauti ni ndogo mno kueleza kwa nini samaki yuko Rutundu na hayuko Embu mjini.

Jibu liko mwilini mwa samaki. Damu yake hufuata joto la maji, na kila nyuzi 10 zikiongezeka mahitaji yake ya oksijeni huongezeka mara mbili hivi. Sahani ni ile ile, ila mlaji wa chini ana njaa maradufu. Kupita nyuzi 19 au 20 trauti huacha kula. Karibu na 25 anakufa. Ndiyo maana Izaak Walton Inn ya hapa Embu, iliyopewa jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu mashuhuri cha uvuvi mwaka 1653, ni mahali pa kulala, na samaki wenyewe unawafuata juu zaidi mlimani. Mwaka 1952 V. D. van Someren alichapisha kitabu kizima juu ya maisha ya trauti wa Kenya, nacho bado ni msingi kwa anayetaka kulisoma jambo hili kwa makini.

Basi kadi yangu sasa inasomeka hivi. Januari ya Marekani ni Rutundu na ziwa Ellis: maji baridi, chakula kidogo kidogo, viluwiluwi vya usubi vikining'inia chini ya uso wa ziwa. Pale tumia nzi mdogo mweusi, mshipi mrefu, na uvute polepole mpaka uhisi unachoka. Aprili na Mei ya Marekani ni ukanda wa msitu, mita 2,200 hadi 2,700, mito ya mawe na maporomoko. Nzi aelee au azame kidogo: ukitaka aelee, unyoya wa shingo la jogoo ndio wenye nyuzi ngumu zinazosimama juu ya ngozi ya maji, ukitaka azame, wa tetea ni laini na hucheza ndani ya mkondo. Agosti ya Marekani ni ukingo wa msitu, pale mashamba ya chai yanapoishia. Huko panzi na siafu huanguka kutoka kwenye nyasi, na nzi mkubwa asiyepambwa hufanya kazi.

Majira yetu tunayo pia, ila ni ya mvua zaidi kuliko ya joto. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza mito kuwa chai ya maziwa na kufagia wadudu. Wakati huo ni nzi mkubwa mweusi au kukaa nyumbani. Kipupwe cha Julai ndicho kizuri kwangu. Ukungu na manyunyu hulala upande wa Embu, maji yameshasafika, mwanga hafifu, na samaki hakuoni upesi. Zaidi ya hapo, Julai mjini Embu ni baridi kuliko Machi kwa nyuzi 4 hivi. Kwa kipimo cha mlima hizo ni zaidi ya mita 600. Mto hauitiki kwa ukamilifu huo, lakini mpaka wa trauti huteremka, na Julai nimewapata mabwawani ambako Machi hakuna kitu.

Mpaka huo wa chini ndio unaonitia hofu. Hauwekwi na mwinuko peke yake. Mto uliofunikwa na miti hupokea jua kidogo, na maji mengi huchelewa kupata joto. Ukikata miti ya ukingoni, ukapanda mikaratusi inayonyonya, ukatega mipira ya kumwagilia mmoja juu ya mwingine, maji yaliyobaki ni membamba na yanachemka mapema. Mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito. Ipo bado mahali pengi.

Kwa anayekwenda mlimani Julai: chukua leseni ya uvuvi, lipa ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukiingia hifadhini, na ubebe kipimajoto. Kitie majini kabla ya kufunga nzi kwenye mshipi. Kikisoma zaidi ya 19, usimsumbue samaki. Kunja mshipi, kisha upande mita 300 zaidi.