"Taka" Haitoshi

Katika tafsiri za sheria zinazofanywa na wanafunzi wetu, neno la Kiingereza "waste" hugeuzwa kuwa "taka" kila linapotokea. Kwa maoni yetu mazoea haya ni kosa, tena kosa linaloweza kumpotezea mtu haki yake.

Tuanze na taka zenyewe. Sokoni Arua, maganda ya ndizi na mifuko ya plastiki, yaani kaveera, ni taka machoni pa kila mtu. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 1995, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2019, ilikwenda mbali zaidi. Ilitaja kitu kigumu, cha majimaji au cha hewa kinachoachwa katika mazingira kwa wingi au kwa namna ya kuyabadilisha. Kwa hiyo hata moshi waweza kuwa taka. Hapa neno linafaa, mradi lifafanuliwe.

Katika sheria ya milki mambo ni mengine. Humo "waste" ni tendo au uzembe wa mtu aliyeshika mali kwa muda, unaompunguzia thamani yule atakayeipokea baadaye. Tutoe mfano wa mpangaji wa shamba karibu na Koboko. Anakata mti wa shea, ambao huchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa, anachoma makaa na kuuza kila gunia. Hakutupa kitu. Mkataba ukisema "mpangaji asifanye taka", atafagia uwanja na kujiona ametii, huku mwenye shamba akirudishiwa visiki.

Wengine hupendelea "ubadhirifu". Lakini neno hilo hudokeza kusudi, ilhali kanuni hii humgusa hata aliyeacha paa livuje mpaka nyumba ikaoza. Sisi twapendekeza "uharibifu wa milki".

Ardhi ya ukoo ina desturi zake, wala hatusemi kwamba kanuni ya Kiingereza ndiyo inayoitawala. Hata hivyo swali la wazee ni lilo hilo: wajukuu watakuta nini?

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Lugha rasmi haina budi kuwa tayari kwa mahakama. Basi, wanafunzi, kabla ya kuandika "taka", jiulizeni: je, kitu kimetupwa, au mali ya mtu imepunguzwa?